Kiongozi wa siasa aridhiane na chama pinzani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya hapa Dodoma kwa miaka kadhaa. Mengi yaliulizwa katika mikutano ya elimu ya uraia kwenye kata, na mengine kwenye vijiwe vya kahawa wakati wa Bunge la bajeti, mji unapojaa wageni na kila kijiwe kikageuka kamati ya Bunge. Nimeanza na ya msingi na kuishia na yale magumu. Pale ambapo jibu limeshatolewa, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. Watu wakisema "maridhiano" wana maana gani? Ni kitu kimoja na muafaka au mseto?

Kuridhiana ni pande mbili zinazotofautiana kukubali, kwa hiari, kwamba kila moja itapata pungufu ya ilichokitaka ili jambo lisonge mbele. Neno lenyewe limebeba radhi. Anayeridhia hakuzidiwa nguvu. Amepima, akakubali, na hapo ndipo maridhiano yanapotengana na kusalimu amri.

Muafaka ni yale yaliyokubaliwa, kwa kawaida yakiwa yameandikwa na kutiwa saini. Mseto ni serikali yenye mawaziri wa chama zaidi ya kimoja. Vyama vinaweza kuridhiana juu ya sheria moja bila kuunda mseto wowote, na vilevile mawaziri wa vyama viwili wanaweza kukaa katika baraza moja kila mmoja akimvizia mwenzake, mseto ukawepo na maridhiano yasiwepo.

2. Kwa kifupi, kiongozi anapaswa kuridhiana na chama pinzani au hapana?

Anapaswa, lakini si kwa kila kitu. Kipimo ninachokitumia ni swali moja: hiki anachotaka kukiachia ni cha nani?

Kiongozi ana vitu vilivyo vyake. Cheo ni chake, na sifa, na ratiba ya chama chake, na maneno ya kifungu alichokiandika yeye, na hata ile tamaa ya kuonekana kuwa ndiye aliyeleta maji kijijini. Vitu hivyo anaweza kuviachia, na akivikumbatia huku wananchi wanaumia, anakosea. Lakini kuna vitu alivyokabidhiwa amana: kura zilizopigwa, uhai na uhuru wa raia, fedha za umma na ukweli wa hesabu zake, pamoja na kanuni zinazomwezesha aliyeshindwa leo kushinda kesho. Amana haigawanywi nusu kwa nusu na mtu ambaye si mwenyewe.

Kuna watu huniuliza hapo kuhusu ilani: je, ahadi ya ilani si amana? Naona lengo la ahadi ni amana, ila njia ya kulifikia ni ya kiongozi. Aliyeahidi zahanati hawezi kukubali zahanati isijengwe ili chama kingine kifurahi, lakini anaweza kukubali ijengwe kwa mpango wa mwenzake, mahali alipopendekeza mwenzake, na kwa awamu mbili badala ya moja.

3. Kama chama kimeshinda kwa kura nyingi, kwa nini kijisumbue kuwasikiliza walioshindwa?

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge wote ili kuibadili Katiba, na kwa mambo kadhaa yanayohusu Muungano inataka theluthi mbili ya wabunge wa Tanzania Bara na theluthi mbili ya wale wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Waliotunga masharti hayo walijua kwamba wingi wa kawaida hautoshi kwa mambo mazito.

Sababu ya pili naiona katika historia yetu wenyewe. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, na karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, Mwalimu Nyerere akiwa miongoni mwa waliotetea mabadiliko, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wale wachache, takribani asilimia 20, hawakupuuzwa kwa sababu tu ya uchache wao. Kila ninapomsikia mtu akisema "wengi wape" kana kwamba mjadala umeishia hapo, namkumbusha kwamba mfumo unaomruhusu yeye kusema hivyo ulizaliwa wengi walipokubali kuwasikiliza wachache.

## Bungeni na kwenye halmashauri

4. Maridhiano Bungeni hufanyika wapi hasa? Sisi kwenye televisheni tunaona kura ya "ndiyo" na "siyo" tu.

Anayetazama televisheni huona hatua ya mwisho. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, na kamati huita wadau watoe maoni, mara nyingi hapa hapa Dodoma katika Ukumbi wa Msekwa. Huko ndiko wanasheria wa Serikali, wabunge wa vyama mbalimbali, vyama vya wakulima au wafanyabiashara hubishana juu ya neno moja moja: kifungu kiseme "anaweza" au "atatakiwa", adhabu iwe faini au kifungo. Yaliyokubaliwa huingia kwenye jedwali la marekebisho, na mbunge yeyote ana haki ya kuleta jedwali lake. Baadaye Kamati ya Bunge Zima hupitia muswada kifungu kwa kifungu. Kwa hiyo unapoona kura ya sauti ikipita kwa dakika moja, huenda nyuma yake kuna siku kadhaa za watu kuachiana.

Mfano ambao watu wengi wa hapa mjini bado wanaukumbuka ni sakata la fedha zilizotolewa kwa utata kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu kwa ajili ya mgogoro wa malipo ya umeme. Mwezi Novemba 2014, taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali iliwasilishwa na mwenyekiti wake, Zitto Kabwe, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa CHADEMA, chama cha upinzani, pamoja na makamu wake, Deo Filikunjombe wa CCM, chama tawala. Tarehe 29 Novemba Bunge lilipitisha maazimio 8. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu mwezi uliofuata, na kufikia Januari 2015 mawaziri wawili walikuwa wameondoka katika nafasi zao. Wawili wale hawakuachiana ukweli wa hesabu, maana haukuwa wao. Kila mmoja alichoachia ni raha ya kukaa upande wa kambi yake.

5. Mbona mchana wanatukanana ukumbini, na jioni tunawaona meza moja wakila kuku wa kienyeji?

Swali hili huulizwa Dodoma kuliko mahali pengine popote, kwa sababu sisi ndio tunaowaona. Dereva wa bodaboda aliyewabeba, mhudumu aliyewapelekea maji ya kunawa, mwenye nyumba ya wageni, wote wana lao la kusimulia, na wengi wana uchungu: kumbe ugomvi ulikuwa maigizo?

Kula pamoja si maridhiano, na wala si usaliti. Watu wanaofanya kazi jengo moja kwa miezi mitatu ya bajeti watafahamiana, watazikana, watachangiana harusi. Mimi ningeogopa zaidi Bunge ambalo wabunge wake hawawezi kusalimiana. Hatari huja pale jambo la wananchi linapomalizwa mezani na halifiki tena ukumbini, yaani mtu anaacha kuuliza swali alilotumwa kuuliza kwa kuwa aliyepaswa kujibu ni rafiki yake. Kwa hiyo badala ya kuhesabu nani amekula na nani, soma taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge, yaani Hansard, uone kama hoja ya jimbo lako ilisemwa. Tazama pia swali la 12.

6. Mbunge akiunga mkono hoja ya chama kingine, anaweza kupoteza kiti chake?

Si moja kwa moja. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano ndani ya Bunge, na kuunga mkono hoja si kosa. Lakini Ibara ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake anakoma kuwa mbunge, na kwa kuwa chama kinaweza kumvua uanachama, mwenye kuamua mwisho wa ubunge anaweza kuwa kikao cha chama badala ya wapiga kura. Mgombea binafsi naye haruhusiwi. Katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua mwezi Juni 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki, lakini sheria haijabadilika.

Naliona hili kuwa kikwazo kikubwa kuliko tabia ya mtu yeyote. Tunawalaumu wabunge kwa kukosa ujasiri wa kuridhiana huku tumeujenga mfumo unaoadhibu ujasiri huo.

7. Na huku chini, kwa madiwani na wenyeviti wa vijiji, maridhiano yana maana yoyote?

Huku ndiko yenye maana kubwa zaidi, kwa sababu huku ubishi ni juu ya ndoo ya maji. Niliwahi kukaa katika kikao kimoja wilayani Chamwino, chini ya mbuyu, kata mbili jirani zikigombania mradi wa maji ya bomba. Diwani wa kata moja alikuwa wa CCM na wa kata ya pili alikuwa wa upinzani. Fedha zilitosha magati manne, yaani vituo vya kuchotea maji. Wa kwanza alitaka matatu kwake kwa sababu kisima kilichimbwa katika kata yake. Wa pili alitaka mawili kwa mawili na akatishia kuwaambia watu wake wasichangie nguvu kazi ya kuchimba mtaro.

Walibishana tangu saa nne asubuhi hadi jua likahamia upande wa pili wa mbuyu. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake ya lita 20, imefunikwa mdomo kwa jani la mti, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: nani anatembea mbali kuliko wote? Walihesabu vitongoji kimoja kimoja. Ikaonekana vitongoji viwili vya mbali kabisa vyote viko kata ya upinzani, na cha tatu kipo mpakani. Diwani wa CCM akaachia gati moja. Diwani wa upinzani naye akakubali gati la mpakani lisimamiwe na kamati ya kata ya mwenzake, na siku ya uzinduzi mwenzake ndiye awe mwenyeji wa mgeni rasmi. Mtendaji akafungua daftari lake, akaweka rula, akapiga mstari juu ya mgao wa zamani na kuandika mpya chini yake. Yule bibi hakujua kusoma, lakini alitaka mgao usomwe kwa sauti mara mbili kabla ya watu kutawanyika.

Hawakuachia maji, maana maji hayakuwa yao. Waliachia sifa na usimamizi.

8. Upinzani ukiwa na viti vichache mno, kuna wa kuridhiana naye?

Kwa Kanuni za Bunge, Kambi Rasmi ya Upinzani inahitaji angalau asilimia 12.5 ya wabunge wote, na baada ya uchaguzi wa 2020 hakukuwa na chama pinzani kilichofikisha kiwango hicho. Lakini uchache wa viti si uchache wa watu. Wananchi wasiokuwa na msemaji Bungeni wanabaki kuwa raia na walipa kodi, na chama tawala chenye busara kinawatafuta nje ya ukumbi: katika Baraza la Vyama vya Siasa, katika vikao vya wadau, na kwa viongozi wa dini. Angalia pia swali la 3.

## Yaliyotokea Zanzibar

9. Kwa nini kila mnapozungumzia maridhiano mnatolea mfano Zanzibar?

Kwa sababu huko yamejaribiwa kwa namna nne tofauti, na kila jaribio lina funzo lake.

Uchaguzi wa 1995 uliiacha Zanzibar imegawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya CCM na chama cha upinzani cha CUF. Jumuiya ya Madola ilisaidia kupatikana kwa muafaka wa kwanza mwezi Juni 1999, lakini mengi ya yaliyokubaliwa hayakutekelezwa kabla ya uchaguzi wa 2000. Mwezi Januari 2001 maandamano yalizimwa kwa risasi, watu wasiopungua 30 walipoteza maisha, wengi wao Pemba, na wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Ndipo ukaja muafaka wa pili, Oktoba 2001, ambao vyama viwili viliufikia vyenyewe. Uligusa tume ya uchaguzi na daftari la wapiga kura, lakini suala la kugawana madaraka likabaki.

Mazungumzo ya tatu yalivunjika mwezi Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Butiama na kutaka yaliyokubaliwa yapelekwe kwanza kwa wananchi kwa kura ya maoni. CUF waliona hiyo ni hila ya kuchelewesha. Kisha, Novemba 2009, Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, wakakutana ana kwa ana Ikulu ya Zanzibar, bila mpatanishi wa kigeni. Maalim Seif akatangaza kumtambua Karume kuwa Rais, jambo ambalo halikuwafurahisha wafuasi wake wote, na Karume akakubali njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali. Kura ileile ya maoni iliyovunja mazungumzo mwaka 2008 ndiyo iliyoyapa maridhiano nguvu mwaka 2010. Tofauti ni kwamba safari hii viongozi walikuwa wameshapeana mikono kabla ya kwenda kwa wananchi.

Miezi mitatu baadaye, katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alimshinda Maalim Seif kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Ni tofauti ndogo ambayo huko nyuma ingeweza kuleta maafa. Mwaka ule haikuleta, na Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kwangu mimi, namba hizo mbili zinaeleza thamani ya maridhiano kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

10. Mbona basi mambo yaliharibika tena mwaka 2015?

Kwa sababu muafaka ulipanga namna ya kugawana serikali baada ya matokeo, lakini haukuweza kulinda matokeo yenyewe. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar aliufuta uchaguzi. CUF ilisusia marudio ya Machi 2016, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikisha asilimia 10 ya kura inayotakiwa kikatiba, serikali ya umoja ikakosekana kwa miaka minne. Ilirejea Desemba 2020, Maalim Seif akiwa ACT-Wazalendo, na alipofariki Februari 2021 nafasi yake ilichukuliwa na Othman Masoud Othman. Kura ni amana, kama nilivyosema kwenye swali la 2, na nyumba ambayo mlango wake haukufungwa kufuli huvunjwa kwa mlango huohuo.

## Mashaka na lawama

11. Nitajuaje kama kiongozi wangu ameridhiana au amenunuliwa?

Angalia nani kapata. Aliyeridhiana hurudi na kitu mkononi kwa ajili ya watu wake: kifungu kimebadilishwa, wafungwa wameachiwa, mikutano imeruhusiwa. Aliyenunuliwa hurudi na cheo. Kati ya mwaka 2017 na 2020 tuliwaona wabunge na madiwani wengi wa upinzani wakihamia chama tawala kwa maelezo ya "kuunga mkono juhudi", na chaguzi ndogo zikafanyika kwa gharama ya umma. Sidai kujua yaliyokuwa moyoni mwa kila mmoja wao. Nasema tu kwamba kuhama si kuridhiana, kwani upande mmoja ulipata yote na wa pili ukabaki na kiti kitupu.

Lakini usimhukumu mtu kwa kukaa na wapinzani wake tu. Mwezi Agosti 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa sababu ya hoja yake juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Miezi michache baadaye Rais Jakaya Kikwete alimteua katika kamati ya Jaji Mark Bomani iliyopitia sekta ya madini, naye akakubali huku akilaumiwa na baadhi ya watu wa upande wake. Kazi ya kamati ile ilichangia Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Mtu aliyeadhibiwa kwa hoja aliitwa kuifanyia kazi hoja ileile, na naona pande zote mbili zilifanya vema.

12. Mazungumzo yawe ya siri au ya wazi?

Faragha wakati wa kuzungumza, uwazi wakati wa kukubaliana. Hakuna atakayethubutu kulegeza msimamo mbele ya kamera, kwa maana kila neno litageuzwa wimbo wa kumzomea jioni hiyo hiyo. Lakini yakishakubaliwa, yaandikwe na wananchi wayaone, pamoja na tarehe za utekelezaji. Makubaliano yanayobaki kichwani mwa watu wawili hufa mmoja wao anapoondoka madarakani.

13. Kususia kikao ni njia halali ya kudai maridhiano?

Ni halali, ila ni silaha yenye risasi moja. Bunge Maalum la Katiba lilianza hapa Dodoma mwezi Februari 2014, na majuma ya mwanzo yakaliwa na ubishi wa kura ya siri au ya wazi. Mwishowe walikubaliana kwamba kila mjumbe achague namna yake. Lakini suala lenyewe, muundo wa serikali mbili au tatu kama rasimu ya Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Warioba ilivyopendekeza, halikupata meza kama hiyo. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka nje. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, wakaikabidhi katika Uwanja wa Jamhuri, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na haijafanyika.

Waliotoka walithibitisha kwamba katiba ya upande mmoja haiendi mbali. Ila nao walikosa nafasi ya kuandika neno hata moja katika maandishi yale. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama nje ya uwanja siku ile ya makabidhiano, na mpaka leo nikipita barabara ile huona huzuni, kwa sababu maoni ya watu wa vijijini yaliyokusanywa kwa gharama na kwa moyo yamebaki kabatini.

14. Vipi kuhusu Kenya? Viongozi wao hugombana na kupatana kila baada ya uchaguzi.

Tofautisha nyakati mbili. Makubaliano ya tarehe 28 Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, chini ya upatanishi wa Kofi Annan, Rais Kikwete akiwepo kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, yalisimamisha mauaji yaliyokuwa yamechukua watu zaidi ya 1,000, na yakafungua njia ya Katiba ya 2010. Kupeana mkono kwa Rais Uhuru Kenyatta na Odinga tarehe 9 Machi 2018 kulituliza joto, lakini kulimwacha raia bila msemaji thabiti wa kuihoji serikali, na mpango wa kubadili Katiba uliozaliwa humo ulizuiwa na Mahakama ya Juu mwezi Machi 2022. Maridhiano mazuri humwacha mpinzani akiwa bado mpinzani.

## Hali ngumu

15. Kiongozi aridhiane na upande uliomfunga au uliowaumiza watu wake?

Hakuna mwenye haki ya kumwamuru mtu asamehe. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, alipoachiwa tarehe 4 Machi 2022 baada ya miezi zaidi ya saba mahabusu, alikwenda Ikulu siku hiyohiyo kukutana na Rais Samia Suluhu Hassan, na wapo waliomsifu na wapo waliochukia. Nadhani alikuwa na haki ya kuachia maumivu yake mwenyewe, kwa kuwa yalikuwa yake. Maumivu ya waliofiwa, hata hivyo, si mali ya kiongozi yeyote. Kwa hao maridhiano huanzia kwenye kusemwa ukweli na kulipwa haki zao, na mkono wa viongozi hauwezi kushika nafasi ya hilo.

16. Kwa nini mazungumzo ya CCM na CHADEMA ya 2022 na 2023 hayakuzuia yaliyotokea kwenye uchaguzi wa 2025?

Yalianza vizuri. Katazo la mikutano ya hadhara lililodumu tangu 2016 liliondolewa Januari 2023, na Tundu Lissu wa CHADEMA akarejea nchini mwezi huohuo. Lakini hayo yalikuwa mambo ambayo Serikali ingeweza kuyatoa kwa tamko. Yaliyohitaji sheria na Katiba yalisuasua. Sheria za uchaguzi zilizopitishwa Februari 2024 hazikuuridhisha upinzani, na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba mwaka huo ukaacha malalamiko mengi ya wagombea kuenguliwa. Mwezi Aprili 2025 Lissu alishtakiwa kwa uhaini, na CHADEMA, ambayo haikutia saini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikazuiwa kushiriki. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulifuatwa na ghasia na watu walipoteza maisha. Kilichotolewa kwa tamko huondolewa kwa tamko; huo ndio udhaifu ninaouona, na nauandika kwa uchungu kwa sababu wengi wetu tuliamini mwaka 2023 kwamba tumevuka.

17. Upande mmoja usipotimiza, wa pili ufanye nini?

Ubaki na maandishi, utaje hadharani kifungu kwa kifungu kilichovunjwa, na uendelee kutimiza yale ya kwake ambayo yakivunjwa yatamuumiza raia. Diwani ambaye mwenzake hakutimiza hafungi gati la maji.

18. Mimi ni mwanachama wa kawaida na viongozi wangu wamekubaliana jambo nisilolipenda. Nina la kufanya?

Unalo. Omba kusoma makubaliano katika kikao cha tawi lako, na ikiwa hayajaandikwa, hilo lenyewe liwe swali lako la kwanza. La pili liwe lile la swali namba 2: walichokiachia kilikuwa cha nani? Ukijibiwa kwamba kilikuwa cheo cha mwenyekiti, huenda ukaweza kuvumilia. Ukijibiwa kwamba kilikuwa kura yako, simama, sema, na hakikisha jina lako na maneno yako vimeandikwa katika muhtasari kabla kikao hakijafungwa.